Maombi Yaliyobeba Kutu

Cicily hana subira na watu wazima wanaojifanya hawaoni, na mimi simlaumu. Kila asubuhi huingia katika ekari zake mbili za ngano hapa Kibirichia na kufuta majani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi la rangi ya chungwa, hiyo ni kutu, ugonjwa wa kuvu. Msimu uliopita alichelewa kupuliza dawa akavuna makapi. Mwaka huu amewahi, na kitambaa bado ni cheupe.

Jirani yake, Mzee Mbae, ni mzee wa kanisa letu. Kutu ilipoingia kwake, alisema atangoja ienee shamba zima ndipo apulize mara moja, dawa isipotee bure. Nilimkanya mimi mwenyewe. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Jumapili, badala ya dawa, akatuongoza kuombea mashamba. Tulianzia kwake. Tulizunguka ndani ya ngano tukiimba, watu kumi na wanane, tukatoka na vumbi la chungwa hadi magotini. Bila hata kujikung'uta tukaelekea kwa Cicily. Nami nilikuwamo, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Tulimkuta langoni.

"Mzee, hamuingii," akasema. "Angalia suruali yako."

"Mama Kinya," Mbae akamwita kwa jina la mwanawe, "unafungia maombi nje?"

"Maombi yapite. Hiyo vumbi ndio haipiti."

Watu wakanong'ona kwamba imani yake imepungua. Nilichoka nao wote. Mara upepo ukavuma kutoka kwa Mbae, ukaja moja kwa moja usoni petu na vumbi lile lile la chungwa. Cicily akalitazama shamba la jirani. Lango halingemsaidia, na alijua.

Upepo ulipotulia alikuwa ameshatoka nyumbani na pampu mgongoni na dawa iliyobaki.

"Twende kwako, Mzee. Jani la juu bado ni kijani. Inaweza kupona."

"Leo ni Jumapili, Mama Kinya."

"Na ng'ombe akianguka kisimani Jumapili, mnamwacha huko?"

Mbae akauliza tu ni nani atakayechota maji ya kuchanganyia dawa.

"Wewe."

Alibeba mitungi kumi na minne, tai ikiwa shingoni.

Wiki iliyofuata, kitambaa cha Cicily kilitoka na doa moja la chungwa. Alikitazama sana, akafyonya. Kisha akanituma kwa Mbae nimwambie aje na mtungi.