Wimbo wa Maji Yasiyofika

Nthenya hakutaka redio nyumbani kwake. Ukimtembelea Jumamosi na redio yako begani, alikuambia uiache nje pamoja na mbwa. Wageni walidhani ni mambo ya dini. Sisi majirani zake wa Kavuti, huku kusini kwa Mutomo, tulijua sababu. Ndani ya redio ile mlikuwa na sauti yake mwenyewe ikisema uongo, na hakuwa na njia ya kuinyamazisha.

Yeye alikuwa mwimbishaji wa kikundi chetu cha mwethya, akina mama tunaofanya kazi pamoja, leo shamba la huyu, kesho bwawa la wote. Alitoa mstari, tukaitikia, majembe yakaenda. Hata mgeni wa serikali akija, hakuketi kabla Nthenya hajamwimbia. Na kikundi kilikuwa na desturi yake. Mtu akikuahidi kitu, unamshukuru mbele za watu kana kwamba ameshakileta, ili aone haya kurudi nyuma. Ukiahidiwa mbuzi, unaimba jinsi supu yake ilivyokuwa tamu. Kati yetu wenyewe jambo hili lilifanya kazi vizuri sana. Kulifanya kwa mwanasiasa kulikuwa ujinga mtupu, lakini nani angejua?

Mwaka wa 1981 diwani wetu, Muthama, alikuja kufungua kisima cha mashine. Palikuwa na injini, tangi la bati juu ya jukwaa la mawe, na mfereji mmoja. Mawe yale tuliyabeba sisi kwa migongo yetu. Sauda, mwenye duka pale Mutomo, ambaye wazee wake walitoka pwani, alitupa rangi nyekundu bure, tukachora kibuyu kwenye kitako cha injini kiwe alama ya kikundi. Mfereji ulifunguliwa, maji yakatoka, gari la redio likatega kinasa sauti, na Nthenya akaimba. Muthama ametuletea maji, punda wetu wamepumzika, watoto wetu wananawa asubuhi na jioni! Hakuna punda aliyekuwa amepumzika. Alikuwa anamfunga Muthama kwa shukrani, kama tulivyozoea.

Yale maji yalikuwa yameletwa na lori alfajiri na kumiminwa tangini. Yaliisha siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata vijana wa Muthama walikuja na pikapu wakaichukua injini, ati inakwenda kutengenezwa, na hatukuiona tena. Tukarudi mtoni kufukua mchanga, sisi na punda wetu.

Nthenya alituongoza hadi kwa D.O., afisa wa tarafa, kulalamika. Kijana yule alitusikiliza kwa adabu, halafu akacheka.

"Mama, si ni wewe nilisikia kwa redio? Ati punda wamepumzika. Sasa mnataka maji gani ingine?"

"Hiyo ilikuwa ya kumshikilia, bwana D.O. Ndiyo aone haya, alete."

"Mimi siandiki haya kwa ripoti, mama. Naandika maji. Na maji mlisema imefika."

D.O. asingeweza kukosa kuusikia. Kila Jumamosi, wakati wa vipindi vya Kikamba, redio iliupiga wimbo ule. Ulikuwa wimbo mtamu, hilo sikatai. Watu wa Tawa, watu wa Mwingi, wote walijua kwamba Kavuti tunaogelea.

Halafu Sauda akaleta habari. Alikuwa akienda Nairobi kununua bidhaa, gari likasimama Malili, akashuka kunyoosha miguu.

"Mama Kiilu," alimwambia Nthenya, "kibuyu chenu nimekiona na macho yangu. Kiko kwa posho mili ya Muthama, kinasaga mahindi ya watu."

Sijapata kuona mtu akikasirika hivyo bila kupiga kelele. Alifunga leso kiunoni akaenda kutafuta mtu wa kumsikia. Na hapa ndipo hata mimi damu inapochemka, maana nilikuwa naye. Redio ilikuwa moja, ya serikali, na ilikuwa tayari na wimbo wake. Gazeti lililofika kwetu lilikuwa na mwandishi mmoja upande wote ule, naye alikuwa amemwoa dada wa Muthama. Alituandalia chai, akaandika kila neno, akatuaminisha. Habari ilipotoka ilisema kwamba wanawake wa Kavuti, baada ya kufurahia kisima cha kwanza, sasa wanaomba cha pili. Nilitaka kuila karatasi ile.

Kwenye baraza la chifu Nthenya alisimama, akaambiwa aketi. Mchungaji Mutie wa kanisa letu alikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono ya kuchapa jarida la ushirika, harusi na mikutano ya vijana. Nthenya alimwendea akamwomba nafasi ndogo tu.

"Mwaitu, mama yangu, hii mashine ni ya habari njema," mchungaji alisema, bila kumtazama usoni.

Siku hizi vijana hutuuliza mbona tulinyamaza. Tulinyamaza wapi? Tulisema mtoni, tulisema sokoni, tulisema kwenye matanga, mpaka midomo ikakauka. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kutusikia ambaye hakula kwa Muthama. Miaka ilikwenda hivyo. Wenzetu wengine walizikwa na ule wimbo ukiwa bado unapigwa, sauti zao humo ndani zikiitikia kwamba punda wamepumzika. Nthenya aliacha kuimba kabisa. Kwenye kazi ya mwethya tulilima kimya, na jembe bila wimbo ni zito, mwenye kulima anajua.

Ilipofika 1992, vyama vikiwa vingi, magazeti mapya yalianza kuuzwa dukani kwa Sauda, kwanza chini ya gunia la sukari, baadaye hadharani. Mpwa wake Esha aliandikia jarida dogo la Mombasa. Alikwenda Malili akapiga picha ya injini na kibuyu chake chekundu, akaichapisha. Muthama hakubabaika. Alijibu kwa redio, na baada ya maneno yake wakapiga wimbo. Zamani mambo yangeishia hapo. Lakini mwandishi wa gazeti jingine, asiyemjua Esha wala Muthama, aliusikia ubishi ule akamtafuta utingo wa lori la maji mpaka akampata, naye akasema yote. Ndipo Mchungaji Mutie, alipoona wengine wameshathubutu, akazungusha mashine yake na kuyaweka yale yote kwa Kikamba, habari ya picha, ya lori na ya desturi yetu ya kushukuru mapema, kwa ajili ya wazee ambao Kiswahili cha magazeti kiliwapita. Nthenya aliupokea ukurasa ule akasema umechelewa. Alisema kweli. Hata hivyo aliukunja akauweka kifuani.

Muthama alianguka kwenye kura. Diwani mpya, Kiema, alileta injini nyingine, na siku ya ufunguzi gari la redio likaja tena. Safari hii Esha alikuwepo na kamera, na yule mwandishi mwingine, na mchungaji na kalamu yake. Kiema alisimama kando ya mfereji akitabasamu, akingoja kuimbiwa.

"Mwaitu, tuanzie wimbo."

"Leo tunateka kwanza," Nthenya alijibu.

Tulikuwa tumekuja na mitungi yote ya kijiji. Tuliteka, tukapanga, tukateka. Kiema alianza kutazama saa. Watu wa redio walikaa wakingoja kitu cha kunasa, nasi hatukuwapa hata kigelegele. Mwisho mfereji ulikohoa ukakauka. Nthenya aliokota kokoto akalirushia tangi, likalia tupu, na kila mtu alisikia. Injini haikuwa imewashwa hata kidogo.

"Mafundi wanakuja kesho," Kiema alisema, jasho likimtoka.

"Na hawa watakuja kuwaona," Nthenya alisema, akiwaonyesha Esha na wenzake.

Mafundi walikuja, maana magazeti mawili na jarida la kanisa yalikuwa yanauliza kila mara. Maji ya kweli yalitoka, ya chumvi kidogo, lakini yetu. Mwezi haukuisha, gari la redio likarudi kumwomba Nthenya wimbo mpya wa shukrani.

"Pigeni ule wa zamani," aliwaambia, akiinua mtungi wake. "Ukiacha jina la Muthama, sasa ndiyo umekuwa kweli."