Kambale Aliyejibu Hotuba Yangu

Aibu hii nimeibeba miezi mingi, nikimwachia kila mtu wa mtaa wetu wa Rugenge aisimulie apendavyo, na kwa kuwa kila msimuliaji anaongeza samaki wake (juzi nimesikia walioliwa walikuwa ishirini!), nimeona bora niiseme mwenyewe. Walikuwa watatu siku ile, na wanne kabla yake, na kosa lilikuwa langu tangu mwanzo.

Mimi ni mzee niliyemaliza sekondari, nikatunza ghala bandarini mpaka nguvu zikaisha, na nilipostaafu nilibaki na fahari moja nyumbani: akwariamu. Niliiunda mwenyewe kwa vioo vya dirisha, ndefu kama kitanda cha mtoto, nikaiweka salon, chumba cha wageni, mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kuiona. Humo mjukuu wangu Neema, niliyemlea tangu mama yake afariki, alifuga samaki kumi wa njano kama limau, wale ambao wapiga mbizi wetu huwakamata kwenye miamba ya ziwa. Kila mmoja alimpa jina.

Sasa siku moja wavuvi wakanipa kambale mdogo, urefu wa kiganja, nami badala ya kumpeleka jikoni nikamtumbukiza pamoja na wale wa njano.

"Babu, ile iko na kinywa kubwa," Neema akasema. "Itakula yangu."

"Weye utanifundisha samaki? Angalia, iko nalala tu."

Na kweli alilala. Mchana kutwa alikuwa ndani ya kipande cha chungu, ndevu zake nje, kama mzee aliyeshiba ugali. Mnyama anayelala mchana kutwa anafanya nini usiku? Swali hilo mtu wa sekondari hakujiuliza. Baada ya miezi michache kambale alikuwa na urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, na wale kumi walikuwa sita, nami nikamsingizia paka wa jirani yetu Mama Zaina, muuza vitenge. Nilimwambia mbele ya watu kwamba paka wake anapita dirishani. Mama wa watu hakubishana na mzee. Akambeba paka wake kwenye kikapu, akampeleka kwa dada yake huko Nyakabere. Je, nilijua ukweli? Nilijua. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nilizokuwa nikimpa yule kambale hazingeweza kumnonesha vile.

Ndipo Neema akapata mchumba, kijana anayeitwa Bahati, wa familia ya wakulima wa mpunga huko Sange, na siku ya wazazi wake kuja kuposa ikapangwa. Jioni moja Neema akanikalia karibu.

"Babu, kwao wanakaa wote lupango moja, kiwanja kimoja. Mama mukwe, mawifi, wake za kaka zake. Minye nitamezwa mule. Waombe tu Bahati atujengee kanyumba ketu mbele ya ndoa."

"Kuomba nyumba siku ya kwanza ni kutukana watu," nikamjibu. "Niachie. Nitasema maneno mazuri, utaona."

Watu walinishauri nitafute msemaji, maana ndivyo desturi inavyotaka, babu mwenyewe akae kimya na heshima yake. Nikakataa (nani Rugenge nzima anapanga maneno kunishinda mimi?). Mama Zaina, pamoja na yote niliyomfanyia paka wake, akatuazima mapazia mazito mekundu, tukafunika madirisha yote ili salon ipendeze machoni pa wageni. Na asubuhi ile sikumlisha kambale, nisije nikachafua maji. Kwa hiyo hesabuni wenyewe: njaa, na giza la saa nne asubuhi, mwanga ukitoka mlangoni tu.

Wageni wakaketi, mama yake Bahati mbele kabisa, Bahati mwenyewe kando yake. Neema alikuwa chumba cha ndani, maana binti hatoki mpaka aitwe. Nikasimama, mgongo wangu kwenye akwariamu, nikaanza. Kwetu msemaji akisimama hakuna anayemkatiza, hata nyumba ikiungua atasubiriwa amalize sentensi.

"Wakwe zetu," nikasema, "muone nyuma yangu. Mukubwa na mudogo wanaishi nyumba moja, na hakuna anayesumbua mwenzake. Hivi ndivyo mutoto wetu ataishi kwenu!"

Macho ya wageni yakapanuka. Nikajua maneno yameingia. Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa mkono, nami nikaona nimemgusa moyo, basi nikarefusha: nikasema juu ya upendo, juu ya subira, juu ya kukaribiana, "Muone wanavyokaribiana!", na mtu akanong'ona "Eh Yezu!", nami nikaitikia "Amina" kwa sauti kubwa na kuendelea.

Aliyeniokoa, au aliyenimaliza, ni Mama Zaina, aliyeingia na sinia la chai.

"Mzee, nyamaza! Samaki yako iko namaliza wenzake!"

Nikageuka. Kambale alikuwa katikati ya maji, bila haraka, na mkia wa njano ukichezacheza nje ya mdomo wake. Walikuwa wamebaki watatu, wamejibana pembeni.

Mama yake Bahati akakohoa. "Mzee, ndivyo mutoto wenu ataishi kwetu?"

Mama Zaina naye akatua sinia. "Na paka yangu je?"

Maneno bado nilikuwa nayo, ningeweza kudanganya mpaka jioni. Lakini Neema alikuwa ametoka bila kuitwa, amesimama mlangoni, na hakuwa anamtazama kambale. Alikuwa ananitazama mimi.

"Paka hakukosa," nikasema. "Nilijua, nikanyamaza. Na huyu mutoto aliniambia anaogopa kumezwa kwenu, akaomba nyumba yake, nikakataa kuwafikishia."

Mama yake Bahati akamwangalia Neema. "Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, mama."

Yule mama akacheka mpaka kitenge kikamtoka begani. "Minye niliingia mule, nikakuta mawifi saba. Hakuna muntu aliniuliza kitu." Akamgeukia mwanawe. "Bahati, weye utajenga kwanza, kisha utaoa. Hata vyumba viwili. Na ile samaki isikuje Sange!"

Alijenga baada ya mavuno ya mpunga, vyumba viwili na bati, na Neema akaolewa, akahamia huko akiwa amewabeba wale watatu wake kwenye bokali, chupa kubwa ya kioo. Kambale nilimrudisha mwenyewe ziwani. Paka pia nilimfuata mwenyewe Nyakabere, akanikwaruza njia nzima hadi Rugenge, nami sikulalamika, nilimwona ana haki. Mama Zaina nimemwomba radhi mbele ya watu walewale waliosikia uongo wangu.

Akwariamu sasa ni tupu, na sitaijaza tena. Wakinialika niseme kwenye posa naenda, maana maneno bado ninayo, lakini nasimama pembeni: sitakigeuzia tena mgongo kitu ninachokisifu.