Kipimo Changu cha Kuchemsha Sindano

Sikuwa dresa wa mchezo. Katika zahanati ya shamba moja la kahawa karibu na Ruiru, hakuna mtu aliyepata jipu kwa sindano yangu, na nilihakikisha kila mchuma kahawa anajua hivyo.

Asubuhi Bwana Daktari alipotoka Thika kuja kunikagua, koti langu jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Wachumaji walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Nikawahubiria kwa sauti, ili daktari asikie: "Sindano isiyochemshwa ni sumu! Hapa kwangu inachemka mpaka kila kidudu kinakufa."

"Mzuri sana," akasema daktari kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Lakini wewe hapana na saa. Wewe najua namna gani imechemka ya kutosha?"

"Ni ujuzi tu, Bwana," nikajibu, kifua mbele.

Kweli nilikuwa na kipimo changu, na hakijawahi kuniangusha. Ila kwa kujisifu kwangu kote, nilisahau kukitoa mapema.

Daktari akachukua koleo, akafunua sufuria iliyokuwa ikitokota juu ya stovu, akatafuta sindano ndani. Akainua yai. Akatafuta tena, akainua yai la pili.

Jasho likaniloweka koti. Mama Wanjiru, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akanyoosha shingo aone, kisha akanitetea kwa moyo wake wote.

"Ngai! Rudisha, Bwana! Sisi tukimwona dresa anamenya yai, ndiyo tunakunja mikono ya nguo."