Msoma Ramani wa Lodi

Huku Engutoto ninakoishi sasa kuna kijana jirani aliyelikata bomba la moshi la gari lake ili lipige kelele. Kila asubuhi analiwasha, analiacha lingurume, kisha linapasuka pa! pa! hadi mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Majirani wanalalamika. Mimi hunyamaza, kwa sababu ile harufu ya petroli inayobaki hewani, mbichi, isiyoungua vizuri, hunirudisha nyumbani kwetu kando ya barabara ya Momela, kwenye shati la baba yangu. Mama alilifua shati lile kwa sabuni ya mche, akalianika juani kutwa nzima, na bado ukilikaribia ulijua ni la nani.

Baba, jina lake Elisante, alikuwa fundi magari wa mzungu mmoja tuliyemwita Lodi. Hicho kilikuwa cheo chake, lakini sisi watoto tulidhani ni jina aliloitwa na mama yake. Kwao Uingereza alitoka katika ukoo mkubwa, na alikuwa mbunge. Baba alitueleza habari hiyo jioni moja tukiwa jikoni, tunakula ndizi.

"Kule kwao wana mabunge mawili," alisema. "Moja la kuchaguliwa, jingine la kuzaliwa. Lodi amezaliwa mbunge, kama baba yake na babu yake."

Bibi, mama yake Baba, aliacha kutafuna. "Na akizaliwa mjinga?"

"Anakuwa mbunge mjinga, Mama."

Bibi alicheka hadi akapaliwa, ikabidi tumpigepige mgongoni.

Nusu ya mwaka Lodi alikuwa kwao akihutubia. Nusu nyingine alikaa katika nyumba ya mawe upande wa Momela, nyumba yenye veranda pana inayoutazama mlima. Siku moja tulimpelekea mayai, mimi na Bibi, tukaiona sebuleni picha yake akiwa amevaa joho jekundu lenye manyoya meupe mabegani. Bibi aliitazama kwa huruma, akasema kwamba kwao lazima kuna baridi kali sana. Chini ya picha vilipangwa vikombe vya fedha ambavyo baba yake Lodi alivishinda katika mbio za magari, kwa maana hicho ndicho kitu cha pili alichorithi. Ubunge na mbio. Baba alituambia kwamba kule bungeni Lodi alisimamia mambo ya usalama barabarani, akitaka madereva wapunguze mwendo. "Akishuka kwenye ndege," Baba alisema, "yote hayo anayaacha pale uwanjani." Tulicheka sote. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka.

Nami nilimpenda Lodi. Alikuwa mrefu, masikio yake mekundu kwa jua, na alimwamkia kila mtu shikamoo, hata sisi watoto, nasi tukaitikia marahaba kwa sauti nzito ya kizee, tukakimbia tukijishika mbavu. Kiswahili alikijua, ingawa alikitembeza kama mtu anayevuka mto kwenye mawe yanayoteleza. Kimeru hakujua hata neno moja. Hapakuwa na haja, maana sisi sote tulimfuata kwenye Kiswahili chake.

Miaka ile Baba aliacha kuwa fundi tu. Lodi alimfanya msoma ramani wake, yule anayekaa kushoto kwa dereva na kumtangazia kona kabla hazijafika. Baba alifanya mazoezi nyumbani, amekaa kwenye kigoda: kushoto kali, nyoka kidogo, kulia wazi, chunga jiwe. Mama, akichambua mboga, alimwambia kwamba laiti angeisoma Biblia kwa bidii hiyo angekuwa askofu. Lakini siku za mashindano yeye ndiye aliyekaza vifungo vya ovaroli ya Baba ya rangi ya chungwa, na nilimwona akimpangusa vumbi mabegani ambalo halikuwepo.

Mashindano ya mwaka ule yalizunguka nyuma ya mlima, upande wa magharibi, kwenye nchi kame ya wafugaji. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha huko. Asubuhi, magari yalipopumzika kujaza mafuta, wachunga ng'ombe walimwambia Baba kwamba kule mbele ukingo wa korongo umeporomoka. Haya niliyasikia baadaye. Siku yenyewe mimi nilikuwa nyumbani na Mama, tunageuza kahawa kwenye vichanja, na redio ilikuwa inaimba tu.

Tulisikia gari la mashindano kabla hatujaliona. Nilirukaruka. Nilidhani ni Baba amepita kutusalimia. Liliingia uani polepole mno, lina matope hadi madirishani, mlango ukafunguliwa, akashuka mchungaji wetu wa kanisani akiwa na kola yake. Mama alimtazama mchungaji akishuka kwenye gari la mbio. Hakusubiri aseme neno. Alikaa chini palepale, katikati ya vichanja, na mikono yake ikaendelea kugeuza kahawa.

Tuliambiwa amekufa hapohapo, hakuumia. Kila aliyekuja msibani alirudia maneno hayo, kana kwamba amekabidhiwa mlangoni: hakuumia, hapohapo. Wenye mashindano walisema breki zilikatika, gari likatumbukia korongoni. Mimi nilizichukia breki hizo kwa moyo wangu wote. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nilihitaji kitu cha kuchukia.

Tulimzika nyumbani, kati ya migomba, kama tunavyozika watu wetu. Turubai, viti vya plastiki, kwaya, masufuria makubwa yakichemka nyuma ya nyumba. Lodi alifika kwa magongo, mguu mmoja umefungwa plasta hadi pajani, uso umevimba. Watu walimpisha. Kabla jeneza halijashushwa aliomba nafasi ya kusema, na mchungaji akampa.

"Breki zilikuwa nzima," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wa nyuma wasogee. "Elisante aliniambia nipunguze. Aliniambia ukingo umeanguka. Akaniambia tena. Mimi nilitaka kushinda. Sikupunguza. Mimi nimemuua."

Hata waliokuwa jikoni waliacha kugonga vyombo. Lodi alijikokota hadi mbele ya Mama, magongo yakizama kwenye udongo mpya, akainamisha kichwa.

"Mama Aneth," alisema, akimwita kwa jina langu, "naomba unisamehe."

Mchungaji alikuwa amekaa kando ya Mama. Aliuchukua mkono wake, akaushika kwa mikono yake miwili. Wazee wa ukoo walikuwa wanamtazama. Kwaya ilikuwa inamtazama. Mimi, mwanawe, nilikuwa namtazama, nikitaka sana aseme, ili jambo lile liishe.

"Nimekusamehe," Mama alisema.

Kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa. Watu walilia, wanaume pia. Mzee mmoja nyuma yangu alisema kwamba hajawahi kuona mzungu wa namna hii, tena mtu mkubwa wa serikali ya kwao, akijishusha hivyo mbele ya kaburi la fundi. Mwaka mzima habari ilikuwa hiyo. Sokoni, kanisani, hata kule Sekei kwa shangazi yangu, nilijulikana kuwa mtoto wa ule msiba ambao mzungu alisema kweli. Mchungaji aliitumia habari hiyo katika mahubiri. Katika kuisimulia, jina la Baba lilianguka njiani. Alikuwa "marehemu", kisha akawa "yule dereva", ingawa hakuwa dereva.

Mama alikonda. Hakupiga kelele wala hakugombana na mtu. Alilima, akavuna, akatuogesha. Lakini Jumapili za Chakula cha Bwana, wenzake walipoinuka kwenda mezani, yeye alibaki kwenye benchi, macho chini. Niliona aibu. Wanawake walianza kunong'ona, mchungaji akaja nyumbani kumuuliza kuna nini. Mama alimkaribisha chai, wakazungumza habari za mvua.

Lodi alikuwa amerudi kwao. Alipokuja tena Momela, mwaka uliofuata, tulisikia ni mgonjwa, na kwamba ule mguu haukupona sawasawa. Asubuhi moja baada ya kukamua ng'ombe Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akanifunga kilemba kidogo kichwani, tukashika njia. Nilidhani tunakwenda kumpa pole mgonjwa. Hatukubeba kitu, na hilo lilinishangaza, kwa sababu Mama hakwenda kwa mtu mikono mitupu.

Tulimkuta verandani, amekaa kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyofikiri mtu anaweza kuzeeka kwa mwaka. Alitaka kusimama, Mama akamzuia kwa kiganja.

"Shikamoo, Mama Aneth," alisema.

Mama hakuitikia. Alibaki amesimama.

"Siku ile nilisema nimekusamehe," alisema. "Nilisema kwa sababu mchungaji alinishika mkono, na watu walikuwa wanangoja, na mume wangu alikuwa hajaingia kaburini. Sijakusamehe. Nimekuja kulichukua neno langu."

Nilimvuta kitenge. Nilitaka ardhi ipasuke. Lodi aliuangalia mlima, kisha akainamisha kichwa polepole, kukubali.

"Sawa," alisema. "Ni haki yako."

Nadhani Mama alitarajia abishane, au alie. Halafu Mama akavuta kiti kilichokuwa kando, akakaa, wakawa wanatazamana ana kwa ana, magoti yao karibu kugusana.

"Sasa naweza kukuuliza," alisema. "Alikufa hapohapo?"

Mikono ya Lodi ilianza kulikunjakunja blanketi.

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyekuwepo."

"Hapana," Lodi alisema.

"Aliishi muda gani?"

"Sijui. Mimi nilibanwa mguu, gari lilikuwa juu yetu. Tulipoanguka jua lilikuwa huku." Akanyoosha mkono upande mmoja wa veranda. "Wachungaji wa ng'ombe walipofika, lilikuwa huku." Mkono ukapita juu ya kichwa chake ukashuka upande wa pili, na mimi niliufuata kwa macho, nikaona ulivyokwenda mbali.

Mama akauliza, "Alisema nini?"

"Mwanzo aliomba maji. Chupa ilikuwa nyuma, sikuifikia. Baadaye alizungumza. Alizungumza sana." Alilivuta blanketi. "Kwa Kimeru, Mama Aneth. Mimi sikuelewa. Nilimwambia, Elisante, sema Kiswahili, sielewi. Hakunisikia tena. Alikuwa anazungumza na nyinyi, si na mimi."

Upepo ulipita kwenye miti ya ziwa lililokuwa chini ya nyumba. Mama alimsogelea.

"Jaribu," alisema.

"Sikumbuki."

"Jaribu. Hata neno moja. Hata mlio wake."

Lodi alifumba macho. Alitoa sauti, akasita, akatoa nyingine. Mama aliinamisha sikio karibu na mdomo wake kama anavyofanya mtu kwa mgonjwa mahututi, akawa anarudia kila sauti kwa Kimeru, akiipindua huku na huku, akimtajia maneno: ni hili? Au hili? Na yule mzee, aliyezaliwa mbunge, mwenye lugha za kuhutubia, alitikisa kichwa akilia, anasema sijui, labda, sijui. Niliwasikiliza hadi nikashindwa, nikashuka ngazi, nikakaa kwenye majani. Kutoka pale nilikuwa bado nawasikia.

Tukirudi, mimi nilikuwa na hasira. Niliona Mama amemnyang'anya mgonjwa kitu ambacho alishapewa mbele ya watu wote, na kwamba pia ametuharibia ile sifa yetu. Lodi hakukaa sana. Walimchukua kumpeleka kwao, akafia huko, na nyumba ya mawe ikapata watu wengine. Mama alipoletewa habari aliuliza kama alikuwa na mtu karibu yake alipokata roho. Aliyeleta habari hakujua. "Basi," Mama alisema, akaingia ndani, na siku ile hakwenda shambani.

Nilikuwa mke wa mtu, nina watoto wangu mwenyewe, nilipofahamu alichokwenda kufanya pale verandani. Hakwenda kugombana. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesikia maneno ya mwisho ya mume wake, na mtu huyo alikuwa ameshasamehewa. Neno lile lilikuwa limefunga mlango. Aliyesamehe hadharani, kwaya ikaimba, anarudije kuuliza habari za maji na jua? Sote tuliokuwa msibani tulimsaidia Lodi kutua mzigo wake. Hakuna aliyemuuliza Mama kama ana swali.

Siku hizi Mama ni mzee, magoti yanamsumbua, na huwa tunazungumza kwa simu jioni. Mara nyingine, katikati ya habari za ng'ombe na bei ya mbolea, ananyamaza, nami najua anakoelekea. Kwa miaka mingi amekuwa akikisia maneno ya Baba. Labda alikuwa anasema mlango wa zizi umelegea. Labda alikuwa anamwita mama yake. Mimi simkatizi.

"Leo nimefikiri," aliniambia juzi. "Nadhani alikuwa anauliza kama mmeshakula."

"Tulikuwa tumekula, Mama," nikamwambia.

"Najua," alisema. "Lakini yeye hakujua."