Kuzima Injini Mteremkoni

Baba mkwe wangu alikuwa na lori kuukuu lililokunywa mafuta kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Magoti yalipoanza kumsumbua, aliniita tupokezane usukani kubeba kahawa kutoka Kyerwa.

"Mguu wako mzito, mkwe," aliniambia siku ya kwanza. "Likishachanganya mwendo, weka gia kubwa uliache liende."

Alinifundisha kupima upepo wa tairi kila asubuhi, na kuondoa mguu kwenye mafuta mapema nikiona kona mbele badala ya kufunga breki ghafla. Na kweli, mafuta yalianza kudumu. Hapo ndipo alipotaka zaidi. Akaanza kuzima injini kwenye miteremko.

Mara ya kwanza ilikuwa karibu na Ndama. Kelele ilikatika, nikasikia magunia yakisuguana nyuma yetu. Kila alipogusa breki, mshale wa kipimo cha upepo unaoendesha breki ulishuka, na injini iliyopaswa kuujaza ilikuwa imelala.

"Baba, upepo unapungua."

"Nauona."

Hakuwa ameutazama. Baba mkwe huwezi kumwambia jambo mara mbili. Nyumbani nilimweleza mke wangu. Akaacha kumenya ndizi, akasema, "Mwambie tena." Sikumwambia. Wiki tatu nilikaa pembeni yake nikitazama mshale ule, na kila siku ulishuka chini kidogo kuliko jana yake.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha Ihembe, nasi tumejaza kahawa. Alizima injini juu kabisa. Katikati ya mteremko tukaona ng'ombe wakivuka barabara, pembe zao ndefu zikiziba njia yote. Akakanyaga breki. Lori likapungua mwendo kidogo, kisha breki zikaachia, upepo umekwisha. Akazungusha ufunguo, injini haikuwaka. Akajaribu kuingiza gia, ikasaga tu.

"Shika usukani nami!" alipiga kelele.

Bila injini ulikuwa mzito kama jiwe. Tuliuvuta wote wawili, lori likaacha barabara, likaingia kwenye shamba la migomba na kuangusha mashina hadi likasimama lenyewe.

Mwenye shamba, mama mmoja wa makamo, alikuja mbio na panga lake mkononi. Alimtazama mzee aliyekuwa bado ameng'ang'ania usukani, akasema, "Shikamoo, mzee. Mmeumia?"

Nilimjibu mama mimi kwamba tuko salama.

Fundi aliyekuja kutusaidia alisikiliza kisa chote, akatikisa kichwa. "Ukiteremka gari likiwa kwenye gia, mguu umeutoa kwenye mafuta, injini karibu hainywi kitu. Sasa mlikuwa mnaokoa nini?"

Baba mkwe alikuwa ameketi juu ya shina lililoanguka.

"Hainywi kitu?" aliuliza.

"Karibu hainywi kitu, mzee."

Mzee alinyoosha mkono akanipa ufunguo bila kunitazama. Sijamwona akiendesha tena.