Geti Letu Kule Pangani

Kitengela hatuanzi na nyumba, tunaanza na ukuta. Ukinunua ploti Noonkopir halafu usiizungushie mawe, ukirudi baada ya muda utakuta mtu mwingine amechimba msingi, na ana karatasi zenye mihuri mizuri kuliko zako. Kwa hiyo unajenga ukuta, unatia geti jeusi la chuma, unapanga vipande vya chupa juu, halafu ndio unaanza kufikiria utalala wapi. Mimi nimekulia katika akili hiyo, na ndiyo niliyovuka nayo mpaka wa Kenya kwenda kujenga Tanzania.

Mume wangu ni mtu wa Lushoto, kule milimani Tanga. Tulikutana alipokuja kufanya kazi kiwandani Athi River akapanga chumba karibu na kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alipata kipande cha ardhi ufukweni karibu na Pangani, akasema tukajenge huko kabla magoti hayajaanza kuuma. Yeye alibaki na kazi yake, mimi nikatangulia kusimamia mafundi, kwa sababu nina mdomo.

"Dada, tuanze na msingi wa nyumba?" fundi aliniuliza siku ya kwanza.

"Anza na ukuta."

"Ukuta wa kuzuia nini?"

"Watu."

Alicheka, akidhani namtania. Mume wangu naye alinipigia simu jioni ile akasema huku watu hawajengi hivyo. Nikamjibu kwamba huku watu bado hawajaibiwa. Ukuta ukapanda.

Sasa niseme jambo lenyewe. Katikati ya ardhi yetu ilipita njia nyembamba, nyeupe, iliyotoka kijijini ikapenya minazi hadi majini. Msichana aliyekua akitembea nyuma ya ng'ombe hawezi kudai kwamba hakuiona njia. Niliiona vizuri. Niliweka geti kubwa pale ilipoingilia na kageti kadogo pale ilipotokea, kwa sababu ardhi hapo ilikuwa imeshakanyagwa ikawa ngumu na fundi asingepata kazi ya kuishindilia.

Tulipohamia, bahari ilitupokea kwa dharau. Bawaba ziliota kutu, sukari ikalowa, na milango ikavimba isifungike. Samaki nilikuwa sijawahi kumshika. Kwetu Wamaasai samaki si chakula, na bibi yangu alimweka kundi moja na nyoka. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kucheka, alikuja na wenzake wakaniletea samaki aina ya changu na nazi. Siku iliyofuata aliniuliza nilimpikaje yule samaki, nikamwambia nilimchemsha pamoja na magamba yake. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakunja mikono ya gauni na kunifundisha. Walinipokea kama mke wa mtoto wao.

Ilimchukua jirani yule wiki kadhaa kuomba njia. Wanawake wale wanalima mwani. Maji yakipwa wanashuka kufunga miche kwenye kamba huko mbele, kisha wanarudi na viroba vilivyolowa kichwani. Baada ya ukuta wangu ikawa lazima wapitie kwenye mikoko, tope hadi magotini.

"Mwenetu, tunaomba kupita tu," aliniambia. "Hatutagusa kitu."

"Ngoja niongee na mzee wangu," nikamjibu.

Mume wangu alikuwa ameshasema zamani nifungue. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki, na ningeulizwa sababu nisingekuwa nayo. Au ninayo, lakini inaanzia mbali na pale.

Miaka ya tisini baba yangu, tuliyemwita Papa, aliuza shamba vipande vipande kama wazee wengi wa rika lake. Pesa zilikwenda tusikokujua, wakabaki ng'ombe. Shule zikifungwa mimi na yeye tuliwapeleka mtoni, na kila likizo tulikuta ukuta mpya mahali tulipopita likizo iliyotangulia. Asubuhi moja tulifika kwenye geti lililokuwa bado linanuka rangi. Alitoka mtu wa vesti, mswaki mdomoni, akatutazama na kundi letu lililokuwa na kiu.

"Mzee, hapa si njia tena. Zungukeni."

Hakusema kwa ubaya. Tena Papa alimjua, kwa maana yeye mwenyewe ndiye aliyemuuzia ardhi hiyo, na siku ya kutia sahihi walikunywa soda pamoja. Papa alisema, "Asante." Akawageuza ng'ombe huku akipiga mluzi, utadhani ni yeye aliyeamua tupite upande ule. Nilimfuata nimeinamisha kichwa. Nilimwonea aibu, na nilimwonea huruma, na kwa miaka mingi nilimchukia mtu yule na mswaki wake.

Papa alikuja kututembelea Pangani mwaka wa pili. Mume wangu alimfuata Kitengela, wakapitia Namanga. Aliitazama bahari kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. "Maji yote hii, na hata ng'ombe moja haiwezi kunywa," akasema, kwa kutuhurumia kabisa. Papa alikataa samaki asiwekwe hata kwenye meza aliyokaa, tukamchinjia mbuzi.

Lakini geti alilipenda. Alilipapasa kwa kiganja, akalifungua na kulifunga, akasikiliza komeo likiingia mahali pake. Kisha akaomba kiti, akakaa pale mlangoni na fimbo yake, geti likiwa wazi.

Nilikuwa jikoni nakata vitunguu, nikimwona kupitia dirisha. Maji yalikuwa yamekupwa. Wanawake walitokea kwenye minazi, wakaona geti wazi na mzee ameketi, nyuso zao zikafunguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Tunaomba njia, baba," jirani yangu akasema. "Maji yamekupwa, tusije tukachelewa."

Papa akasimama. Nilifurahi, Mungu ananijua. Nilijua kati ya watu wote duniani huyu atawapisha, na kwamba atanitoa katika ubishi niliojitia mwenyewe. Nilikuwa nimeshafuta mikono nitoke niwakaribishe. Papa akanyoosha fimbo kuelekea mikokoni.

"Hapa si njia. Hapa ni kwa msichana yangu. Zungukeni."

Alisema kwa upole, kama yule mtu wa mswaki. Na jirani yangu, aliyenifundisha kutoa magamba, akajibu, "Haya baba, asante," akawageuza wenzake.

Papa aliketi. Aliponiona dirishani akatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu nikiwa mdogo, kabla ya ardhi kwisha.

"Umewaona, nakerai?" aliniita, yaani mtoto wangu. "Wamezunguka!"

Ilinipasa kupaza sauti na kuwaita warudi, lakini kuwaita ilikuwa ni kumvua baba yangu nguo mbele ya wanawake. Nikarudi kwenye vitunguu. Kwa muda wote aliokaa kwetu, maji yakipwa alibeba kiti chake hadi getini akawazungusha watu, kisha akaja mezani na hamu ya kula. Mume wangu alikuwa akisema nami kuhusu chumvi tu. Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba Papa hakufanya jambo ambalo mimi sikuwa nikilifanya. Yeye alilifanya kwa furaha tu, na mimi nilikuwa nikijificha nyuma ya jina la mume wangu.

Alipoondoka nilifungua mageti yote mawili, nikayafunga kwa kamba ukutani ili upepo usiyarudishe. Nikaenda nyumbani kwa jirani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi, ila nilipofika nilisema tu, "Mama, njia iko wazi."

"Mungu akuzidishie, mwenetu," akasema. "Na mzee alifika salama? Mwambie tunamsalimia sana."

Angenitukana ningepumua. Tangu hapo wanapita uani kwetu, viroba vikichuruzika maji ya chumvi, na kila anayepita ananiuliza nimeamkaje.

Mwezi wa Desemba tulirudi Kitengela. Tangu Namanga nilikuwa nikiyarudia maneno kimoyomoyo: Papa, nilifungua, na hakuna kilichoibiwa. Mume wangu aliniambia niseme mapema, kabla chakula hakijaletwa. Lakini Papa hakutungoja nyumbani. Alituchukua moja kwa moja hadi kwenye hoteli ya chai karibu na soko, anapokaa na wazee wa rika lake. Niliwajua wote. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na ardhi iliyofika mtoni, na kila mmoja sasa anaishi kwenye kipande kisichotosha kugeuzia ndama. Niliinamisha kichwa, wakakigusa kunisalimia.

"Ndio huyu," Papa akawaambia. "Huyu ndiye yule wa geti."

Walisogea nipate nafasi kwenye benchi. Papa aliweka kikombe chini.

"Waambie wasikie kwako. Ule watu bado wanazunguka?"

Mume wangu aliniangalia. Maneno yalikuwepo, yote, yamejipanga. Kisha nikawatazama wazee wale, jinsi walivyoinama mbele kunisubiri, na Papa katikati yao, amenyooka.

"Wanazunguka, Papa."

"Wote?" mmoja akauliza.

"Wote," nikasema. "Hata wenye mizigo kichwani."

Walicheka mpaka mmoja akapiga meza na chai ikamwagika. Papa akaniagizia kikombe cha chai na mandazi, nami nikainywa ile chai ikiwa moto, hadi mwisho, bila kumtazama mume wangu.