Nailoni Nyeusi na Nguzo ya Mbu

Maduka ya Songea yalipoanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, mama alinunua nailoni nyeusi ya kuanikia kimea cha pombe ya uchumba wa dada. Aliitandika katikati ya uwanja wetu, Ruhuwiko. Jioni ya kwanza mbu walisimama juu yake kama nguzo, wakipanda na kushuka, hawaendi popote.

Shangazi akawaona. "Hao ni wazee wetu waliotangulia. Wamekataa posa."

Kwetu posa haijibiwi kabla shangazi wa binti hajasema neno. Dada aliingia ndani, akalia. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nikauliza, "Shangazi, wazee waje kama mbu kwa nini?"

"Ulitaka waje na basi?"

Kesho yake niliivuta nailoni hadi kando ya choo. Jua lilipozama, nguzo ikasimama kando ya choo. Nikairudisha, nayo ikarudi. Nikamweleza shangazi kwamba hao ni madume, hawaumi. Wanafuata doa jeusi ardhini ili wakutane hapo na majike.

"Kwa hiyo na wao wanaposa?"



Jumamosi jioni mshenga wa upande wa mume alifika. Nailoni nilishaificha ndani. Lakini mzee wa watu alikuwa amevaa kofia pana ya mitumba, nyeusi tii, na aliposimama uwanjani akingoja kukaribishwa, mbu wakajipanga juu yake.

"Shikamoo. Naomba kofia," nikamwambia.

"Marahaba. Kofia ya nini, kijana?"

Shangazi alikuwa ameshainuka, anakaza kanga. Dada akatoka mbio na nailoni, akaitandika kando ya choo. Nikamvua mgeni kofia mwenyewe, bila ruhusa, kipara kikang'aa. Mbu wakayumba kidogo, kisha wakahama.

Shangazi aliwasindikiza kwa macho. "Wamemtii binti," akasema. "Posa nimekubali."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Dada akanikanyaga mguu.

Sharti lilikuwa moja: siku ya harusi nailoni ifuate maharusi hatua ishirini nyuma, ibebwe na msomi. Nikaibeba kutoka kanisani, saa saba mchana, jua la utosi. Nilimwambia shangazi kwamba saa hizi mbu hao hawatoki.

Akageuka, akaitazama barabara nzima.

"Umeona? Hata mmoja hajapinga!"